Nani Aliichagulia Kompyuta Yako?

Kompyuta mpya ukiiwasha, mambo mengi yameshaamuliwa. Ukibofya picha, kuna programu itakayoifungua. Ukibofya kiungo, kuna kivinjari kitakachojitokeza cha kwanza. Hiyo ndiyo chaguo-msingi, na wengi wetu tunamaliza mwaka wa tatu hatujawahi kuigusa. Sisemi ni uvivu. Kitu kikifanya kazi, nani ana muda wa kukichokonoa?

Wenye kampuni wanaijua sana tabia hii. Mwaka 2009 Microsoft iliahidi Umoja wa Ulaya kwamba itawaonyesha watumiaji wa Windows ukurasa wa kuchagua kivinjari. Ahadi haikutimizwa yote, na Machi 2013 ikapigwa faini ya euro milioni 561. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, kubadili kivinjari kulikuwa kupita aina moja moja ya faili, mpaka mwaka uliofuata walipoweka kitufe kimoja. Jamani, kitufe tu!

Ulaya wanapelekana kwenye faini. Sisi huku inatugusa kwa namna nyingine. Nilikuwa BTP Kapalamsenga, Katavi, na shule niliyopangiwa ilikuwa na kompyuta moja ya taaluma. Mitihani yote imo humo. Ukibofya faili inafunguka programu ya kulipia iliyoisha muda wake. Unasoma, lakini kuhariri inagoma. Walimu wakaamini faili zimeharibika. Mpango ukawa kompyuta ipelekwe Mpanda kwa fundi, nauli wachange wenyewe, na kidato cha pili wana mtihani wiki ile ile.

Kumbe LibreOffice, ambayo ni ya bure, ilikuwemo humo humo. Mtu aliiweka zamani, akaondoka bila kuipa kazi.

Kompyuta si yangu, kwa hiyo nikamwomba ruhusa mwalimu wa taaluma.

"Jaribu mwanangu, ila usifute kitu."

Nikabofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, nikaenda "Open with", nikachagua LibreOffice, nikaiambia iwe hivyo siku zote. Haikufika dakika mbili. Majedwali mawili yalihama kidogo, tukayanyoosha kwa mkono.

Ila LibreOffice nayo ina chaguo-msingi lake. Ukiandika mtihani mpya, inauhifadhi kwa muundo wa ODT, na steshenari tuliyokuwa tunaprintia walizoea DOCX. Nikaingia kwenye mipangilio yake ya kuhifadhi nikabadili hicho pia. PDF nikaziacha zifunguke kwenye kivinjari kama zamani. Zinafunguka bila bando, walimu wamezoea, sasa nibadilishe ili iweje? Kuna wanafunzi wa kompyuta wakishika mashine ya mtu wanageuza kila kitu mpaka mwenyewe anapotea nyumbani kwake. Hiyo siipendi.

Kilichokuwa kinanisumbua ni kwamba mimi naondoka. Programu ikisasishwa na mipangilio ikajirudia, wataanza tena kuchanga nauli. Nikamwambia mwalimu wa taaluma. Akaniagiza nirudishe kila kitu kilivyokuwa, mbele ya macho yake. Kisha akavuta kiti, akavaa miwani, akabadilisha yeye. Akarudisha tena, akabadilisha tena. Mara ya tatu hakuniuliza kitu.