Mawe ya Kwetu

Kando ya Mombasa Road hapa Mlolongo kuna yadi za wauza mawe. Vibao vya mawe vimesimamishwa kama vitabu kwenye rafu: vya krimu, vya kahawia, vingine vyekundu kama bati lililoshika kutu. Jina lake ni Mazeras, hata kama hayakutoka Mazeras penyewe. Watu wananunua, wanatandika mlangoni na pale gari linapoegeshwa, na ploti inaanza kuonekana ya mtu mwenye pesa.

Baba anapenda kusimama kwenye hizi yadi. Hanunui. Anapitisha kiganja juu ya jiwe na kumwambia muuzaji, "Haya ni mawe ya kwetu." Muuzaji anatabasamu, lakini bei haipunguzi.

Baba alikuwa dereva wa lori. Mlolongo ulipewa jina na foleni ya malori yaliyokuwa yakisubiri mizani, na yeye alikaa kwenye foleni hiyo miaka mingi, Mombasa kwenda, Mombasa kurudi, mpaka akampata Mama hapa na akaacha kurudi. Kwao ni Taru, Kwale, karibu kilomita 400 kutoka hapa. Babu alituachia shamba huko. Mimi nilipoulizwa kwetu ni wapi, nilisema Mlolongo. Taru ilikuwa mahali ambapo basi la usiku linapita abiria wote wamelala.

Halafu nyumba ikaanza kupasuka.

Nyumba yetu iko juu ya udongo mweusi, ule mafundi wanauita bleki koton. Kama umewahi kutembea Mlolongo wakati wa mvua unaujua: unang'ang'ania kiatu mpaka mguu unatoka peke yake. Chini ya tambarare hizi za Athi kuna mawe ya volkeno, lava iliyomwagika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Mawe hayo yakioza, yanaacha mfinyanzi laini sana. Ukipata maji unavimba. Jua likiwaka unasinyaa na kufanya nyufa zinazomeza mkono. Nyumba iliyokaa juu yake inapandishwa na kushushwa kila mwaka, na kona moja ikishuka kabla ya nyingine, ukuta lazima useme.

Anayejua kujenga huku anauchimba wote na kuutupa mpaka afike chini kwenye kitu kigumu, ndiyo ajaze mawe na kushindilia. Baba alichimba futi mbili, pesa ikaisha, akamwaga msingi. Ufa ulianza juu ya mlango wa jikoni, mwembamba kama unywele. Mvua ya tatu ukawa unaingiza kalamu. Mama akatundika kalenda pale. Mwaka ulipoisha hakuiondoa.

Fundi alikuja, akagonga ukuta hapa na pale, akaandika hesabu kwenye kikaratasi. Tuliisoma tukakaa kimya. Kaka yangu ndiye alisema lile ambalo sisi wote tulikuwa tumeshaliwaza.

"Tuuze Taru. Kwani hiyo shamba inatusaidia na nini? Ni mawe tu."

Mnunuzi alikuwa amepatikana tayari. Na alitaka mawe hasa: achimbe vibao avilete Nairobi. Nilikubali, na nitasema hivyo waziwazi kwa sababu baadaye niligeuka. Nilitumwa niende nikaonyeshwe mipaka, nipige picha, nirudi.

Nilishuka Taru alfajiri ya Septemba, kabla ya vuli. Shangazi alikuwa barabarani ananisubiri na leso kichwani. Tulitembea kati ya migunga na mibuyu, na kila hatua ilikuwa na sauti, krash, krash, kama kukanyaga njugu. Juu ya ardhi yote palikuwa na vikokoto, vingi vimeviringana, vyeupe na vya waridi. Nikauliza ni nani aliyevimwaga. Shangazi alicheka mpaka akashika goti.

Hakuna aliyevimwaga. Mwamba wa Taru ni mchanga uliogeuka jiwe. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla Madagaska haijaachana na Afrika, mito iliteremsha mchanga na kokoto, ikavirundika hapa, vikagandamana. Sasa vinaachana tena. Jua la mchana linatanua mwamba, ubaridi wa usiku unaubana, mvua chache zinalegeza kilichoziunganisha punje. Punje za kwatzi hazifi, ni ngumu mno, kwa hiyo zinabaki. Upepo na maji ya mvua vinachukua vumbi laini na kuacha vizito. Ndiyo maana kokoto ziko juu, kama zulia.

Shangazi alinipa jembe. Lilipiga kelele ya chuma kwenye mawe mpaka meno yakaniuma. Chini ya kokoto kulikuwa na mchanga mwekundu, mwekundu wa chuma kilichomo ndani yake. Ulikuwa na kina cha mkono wangu, kuanzia vidole hadi kiwiko. Kisha mwamba uliooza, ambao nilivunja kwa vidole kama biskuti. Kisha mwamba wenyewe. Basi. Huo ndio urithi wetu.

"Ardhi hii haina tumbo," Shangazi alisema. "Ukiipa maji yanapita tu. Sharti uyazuie mwenyewe."

Na ameyazuia. Nilikuwa nimeambiwa hakuna kitu kule, kumbe kuna mashimo ya duara yamepangwa mistari, kila shimo na samadi ya mbuzi ndani, kwa sababu mchanga kama ule haushiki mbolea sawasawa, unataka chakula chake kila msimu. Kando ya mashimo kuna vizuizi vya mawe vya kupunguza kasi ya maji, maana mvua ya nyika ikija inakuja yote siku moja. Kokoto za juu haziondoi zote. Zinafunika unyevu jua lisiunyonye, na tone la mvua likianguka linapiga jiwe badala ya udongo. Mahindi yanamwangusha miaka mingi. Kunde na pojo humpa kitu. Mimi nilisema ndengu, akaniuliza ndengu ni nini, na tukagundua tunazungumzia mmea uleule.

Alinipeleka pia kwenye ngurunga, mashimo ndani ya mwamba yanayoshika maji ya mvua. Misafara iliyokuwa ikivuka nyika hii kwa miguu kabla ya reli kuanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilitegemea mashimo kama hayo. Ukikuta yamekauka, safari yako iliharibika. Lililo kwetu lilikuwa kavu, na chini yake tope lenye nyayo za nyani.

Kisha, bila kuniambia tunaenda wapi, akanionyesha shamba la jirani aliyeuza mawe. Vibao vilikuwa vimekwisha kwenda. Palibaki shimo refu kuliko mimi, na pembeni chungu cha mchanga mwekundu uliochanganyika na vifusi. Ule mkono mmoja wa udongo huchukua maelfu ya miaka kutengenezeka. Hakuna aliyeurudisha mahali pake. Sikupiga picha hata moja.

Nilirudi Mlolongo na udongo kwenye chupa ya soda. Jioni hiyo nikajaza chupa nyingine udongo wa nyuma ya nyumba, nikaongeza maji kwenye zote mbili, nikatikisa na kuziweka mezani mbele ya Baba. Ya Taru ilitulia kabla Mama hajamaliza kumimina chai: kokoto chini, mchanga juu yake, maji karibu safi. Ya Mlolongo ilikuwa bado nyeusi tulipoenda kulala. Asubuhi ilikuwa bado na ukungu.

Baba aliiangalia ya Taru muda mrefu. Aliuliza swali moja tu: "Ngurunga ina maji?"

Nikamwambia hapana. Vuli bado.

Kaka alipokuja Jumapili nilimweleza habari za shimo na pojo za Shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Wewe umeenda siku mbili umerudi mkulima. Mama analala chini ya ule ukuta kila siku." Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Alisema kweli. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu wa tamaa, lakini ndiye anayelipa stima ya hapa na dawa za Mama.

Aliyeamua ni Baba. Hatuuzi. Shangazi aendelee kulima. Tulichukua mkopo wa Sacco, na kwa pesa hiyo fundi alichimba mfereji wa kuondoa maji kando ya nyumba na kumwaga saruji kuzunguka ukuta, ili udongo wa chini usilowe na kukauka kwa kasi. Ilitosha kona mbili. Mbili zinasubiri. Kaka hajanipigia tangu siku ile. Pesa za stima anamtumia Mama.

Novemba Shangazi alipiga simu. Mvua imenyesha, ngurunga imejaa mpaka inamwaga, na watoto wamekatazwa kuogea ndani. Baba aliweka simu kwenye spika tusikie sote. Nje na kwetu ilikuwa inanyesha, ule udongo mweusi unavimba polepole chini ya miguu yetu.

Siku hizi kalenda imeondolewa. Baba ana penseli. Kila mwisho wa mwezi anaweka alama pale ncha ya ufa ilipofika na kuandika tarehe pembeni, kama alivyokuwa akiandika kilomita kwenye daftari la lori. Jana aliandika. Umesonga nusu kidole.