Timu Iliyomwachilia Mchezaji Wake Hodari

Mwishoni mwa Januari mwaka 2016 tulikuwa tumekaa mbele ya duka dogo kwetu Bijombo. Ilikuwa jioni, ukungu umekwisha kuifunika milima, nasi tumeizunguka redio ya mwenye duka. Habari ikasomwa kwa maneno machache: Mbwana Samatta, mshambuliaji wa TP Mazembe ya Lubumbashi, anakwenda Ubelgiji kuichezea timu ya Genk. Vijana wote wakanyamaza. Mzee mmoja, mfugaji, aliyekuja kununua chumvi, akatuuliza: "Wanangu, mbona mmeinamisha vichwa kama watu waliofiwa?" Tukamjibu ya kwamba Mazembe wamemwuza mchezaji wao aliye hodari kuliko wote. Mzee akashangaa sana. "Kuuza mtu? Tena aliye mzuri? Mimi nikiwa na ng'ombe mwenye maziwa mengi simpeleki sokoni. Nampeleka yule aliyekauka."

Tulijaribu kumweleza ya kuwa mtu hauzwi, bali kinachouzwa ni mkataba wake wa kazi, na ya kuwa mchezaji mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda. Mzee akatikisa kichwa, akachukua chumvi yake, akaenda zake. Lakini swali lake lilibaki nasi mwaka mzima, kwa sababu mwaka huo huo jambo kama lile lilifika mlangoni petu, nasi hatukulitenda kwa haki. Ndiyo sababu tunaliandika.

Kwanza yafaa tuseme Samatta alikuwa nani kwa Mazembe. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na watawa Wabenediktini, kwa ajili ya vijana waliosoma kwao. Ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha tena mwaka 2009 na 2010. Samatta, Mtanzania, alitoka Simba ya Dar es Salaam akajiunga nao mwaka 2011. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika mara ya tano. Walishinda 2-1 mjini Algiers na 2-0 kwao Lubumbashi, wakicheza na USM Alger, na Samatta alifunga katika michezo yote miwili. Januari iliyofuata alipewa heshima ya kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wale wanaocheza Afrika kwenyewe, naye alikuwa Mtanzania wa kwanza kuipata. Hazikupita wiki nne, akaondoka. Si yeye tu. Mwalimu wa timu, Patrice Carteron, naye alikuwa amekwenda, na Hubert Velud akashika mahali pake.

Sisi tulisema: "Basi, Mazembe imekwisha." Lakini tarehe 7 Februari, siku chache tu baada ya habari ile, taifa letu lilicheza mjini Kigali fainali ya Kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani. Kongo ikaifunga Mali 3-0. Mabao mawili yalifungwa na Meschack Elia, la tatu na Jonathan Bolingi, na wote wawili walikuwa vijana wa Mazembe. Tarehe 20 Februari Mazembe wenyewe wakaishinda Étoile du Sahel ya Tunisia 2-1, wakachukua Kombe la Juu la Afrika. Tukaanza kushangaa.

Hata hivyo njia yao haikuwa tambarare. Mwezi wa Aprili Wydad ya Morocco iliwafunga 2-0 huko kwao, na Lubumbashi wakatoka 1-1. Mazembe wakawa wametolewa katika michuano ya mabingwa, kombe walilokuwa nalo mikononi. Wakashushwa kwenye Kombe la Shirikisho. Tena mwezi wa Mei rais wa timu, Moïse Katumbi, akatoka nchini. Kila juma, watu waliokutana mbele ya duka walisema: "Samatta angalikuwapo!" Hilo ni neno jepesi, kwa maana aliyeondoka hakosei kamwe. Kila mchezo asioucheza twamhesabia kuwa ameushinda.

Sasa tuje kwetu. Sisi tulikuwa viongozi wa timu ya vijana wa Bijombo. Tulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa mama mjane, mwenye mbio na akili ya mpira. Alicheza upande wa kulia. Vijiji vya jirani walipokuja kushindana nasi, kwanza waliuliza kama yupo. Katika timu yetu walichanganyika vijana wa makabila yote ya milima yetu, na wazazi ambao hawakutembeleana walikuja kusimama pamoja kandokando ya uwanja ili kumwona huyo.

Mwezi wa Agosti mfanyabiashara mmoja aliyepanda kutoka Uvira alituletea barua. Shule moja huko chini pwani ya ziwa ilikuwa imemwona kijana wetu akicheza. Walitaka aje kusoma kwao na kuichezea timu yao. Karo yake wangeilipa wao, na sisi wangetupa mipira miwili mipya. Barua iliandikwa kwa jina la mama yake, lakini ilipita mikononi mwetu, na ilikuwa haikufungwa.

Tuliisoma, tukaiweka mfukoni.

Tulijipa sababu nyingi. Tulisema mashindano ya vijiji yamekaribia. Tulisema Uvira ni mji wenye majaribu mengi. Tulisema kwa mipira miwili hatumtoi mtu. Ukweli ni mmoja: tuliogopa kushindwa. Ikapita siku ya soko, ikapita ya pili, ikapita ya tatu. Tarehe 23 Agosti tulikusanyika tena kwenye redio. Mazembe, ambao mwezi wa Juni walikuwa wameishinda Yanga 1-0 katika Dar es Salaam, waliishinda tena Lubumbashi 3-1. Tulipiga makofi, tukasifu hekima ya Mazembe kwa kumwacha Samatta aende zake. Tulisifu hivyo, na barua ya mama mjane iko mfukoni mwetu.

Mama alipata habari kwa mfanyabiashara yule yule aliporudi. Akaja kwetu jioni, hakupiga kelele. Alisema: "Wanangu, huyu nimembeba mgongoni nikilima viazi vya watu. Ninyi mmemfundisha kupiga mpira tu. Ni nani aliyewapa ufunguo wa mlango wake?" Hatukuwa na jibu. Tulitoa barua, ilikuwa imekunjamana. Kesho yake, alfajiri, kijana akashuka njia ya Uvira, viatu amevining'iniza shingoni visichakae. Alifika masomo yamekwisha kuanza. Walimpokea, lakini kidogo tu akose nafasi, na kosa lingalikuwa letu.

Mipira miwili ililetwa kama walivyoahidi. Tuliona haya kuigusa.

Kisha mashindano yakaanza. Mchezo wa kwanza tulifungwa 3-0, wa pili 1-0. Vijana wetu walikimbia sana, lakini kila mara walipopata mpira waliupiga upande wa kulia, nao ukatoka nje. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye hakuwahi kucheza mpira maishani mwake, ndiye aliyetufungua macho. Alisema: "Mnampigia mpira mtu aliye Uvira." Sote tulicheka, kisha tukaacha kucheka, kwa kuwa alisema kweli. Kwa miaka miwili tulikuwa na mchezaji mmoja na watu kumi wa kumtafutia mpira. Hao kumi hatukuwafundisha neno jingine.

Tukaanza upya. Kijana mchunga ndama, ambaye siku zote alikaa pembeni akishika nguo za wenzake, alipewa upande wa kushoto. Mlinzi wetu mmoja aligundulika kuwa na jicho la kutoa pasi ndefu. Hakuna aliyekuwa kama yule aliyeondoka, wala hatukutwaa kombe. Lakini mchezo wa tatu tulitoka 1-1, na wa nne tukashinda 2-1. Bao la pili lilipita miguu ya watu watano kabla ya kuingia. Wazazi walisimama pale pale kandokando ya uwanja, ingawa yule waliyezoea kumtazama hakuwapo. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa walikuwa wamezoea pia kusimama pamoja.

Mazembe nao walifika mwisho wa safari yao. Katika kundi lao walishindwa mara moja tu, huko Ghana. Étoile du Sahel waliwatoa kwa bao la ugenini, 1-1 na 0-0. Fainali ya kwanza, tarehe 29 Oktoba, walitoka 1-1 na MO Béjaïa ya Algeria. Jumapili tarehe 6 Novemba, Lubumbashi, wakawafunga 4-1. Miongoni mwa wafungaji walikuwako Bolingi na Rainford Kalaba, Mzambia. Kombe la Shirikisho likaingia Lubumbashi kwa mara ya kwanza, na mwaka 2017 walilitwaa tena. Samatta naye alisonga mbele: mwaka 2019 Genk walikuwa mabingwa wa Ubelgiji, naye aliwafungia mabao 23 katika ligi.

Tusidanganyane lakini. Si kila anayemwachia mtu wake hupata faida. Ndugu yetu Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alicheza mpira wa kikapu Marekani, ambako timu hubadilishana wachezaji kama watu wanaobadilishana mifugo. Februari mwaka 2001 timu ya Atlanta ilimtoa kwa Philadelphia na kupokea wengine. Philadelphia walifika fainali mwaka ule ule. Atlanta, katika msimu uliofuata, walishinda michezo 33 na kushindwa 49, na hawakufika tena katika michezo ya kuwania ubingwa hadi mwaka 2008. Mtu akiondoka huacha pengo la kweli, na pengo halijazwi kwa maneno matamu. Hujazwa, kama likijazwa, na wale waliobaki wanapoacha kumtazamia aliyekwenda.

Jambo hilo lilitufaa siku ambazo hatukuzitaraji. Kuanzia mwaka 2018 mapigano yalizidi katika milima yetu, nyumba zikateketezwa, ng'ombe wakaporwa. Timu yetu ilitawanyika: wengine Uvira, wengine ng'ambo Burundi, wengine hatujui wapi. Watatu wetu tulishuka usiku, hatuna kitu mikononi. Tulipofika mjini, aliyetufungulia mlango ni yule kijana wa upande wa kulia. Alikuwa amemaliza masomo, anafanya kazi, amepanga vyumba viwili. Kimoja akatupa sisi.

Siku ya tatu tulimwungamia habari ya barua. Alicheka. "Mama aliniambia siku ile ile," akasema. "Kuleni ugali, unapoa."

Mzee mwenye ng'ombe tungependa kumjibu leo, kama tungemwona. Tungemwambia: Mzee, ng'ombe ukimtoa amekwenda. Kijana ukimwachilia kwa moyo mweupe bado ni wako, na huenda siku moja ukalala chini ya paa lake. Basi, wazazi, waalimu, nanyi viongozi wa timu na wa vijiji, barua ya mtoto ikipita mikononi mwenu, mpelekeeni siku hiyo hiyo.