Harufu ya Tembo Chumbani kwa Mwanangu

Mama mkwe ndiye aliyeinusa kwanza. Alitoka chumbani kwa mjukuu wake, akaketi karibu nami, akasema kwa sauti ya chini: “Mwanangu, mle ndani mna harufu ya tembo.”

Kijana wangu ana miaka 15, na baba yake alikuwa ametangulia mbele ya haki miezi minane kabla. Nilimwomba Mola atusitiri, kisha nikaingia kutafuta kile nilichoogopa kukiona.

Nilikikuta chini ya meza: chupa ya lita moja na nusu, yenye maji meupe yaliyotoa povu na kunuka vile vile alivyosema mama. Lakini katika kifuniko chake ulipita mpira mwembamba, ukapanda hadi kwenye tangi la samaki aliloliacha marehemu. Ndani ya tangi, viputo vilikuwa vikipanda kimoja kimoja.

Aliporudi kutoka msikitini nilimwuliza bila ya kupaza sauti. Alinieleza kwamba mimea ya baba yake ilikuwa ikifa. Mimea ya majini, kama ile ya nchi kavu, hutumia mwanga na hewa ukaa kujitengenezea chakula, na katika maji ya tangi hewa hiyo ni haba. Hamira ikitiwa katika maji ya sukari huitoa. Hamira yenyewe alikuwa akiichukua jikoni kwangu. Mimi ninayeuza mikate nilipaswa kuitambua harufu ile, maana hamira inapotoa hewa hiyo huzalisha na kileo.

Niliona haya kwa dhana yangu. Usiku ule niliketi naye mbele ya tangi, mara ya kwanza tangu msiba. Akanionyesha daftari lake. Siku ya pili ya chupa: viputo 70 kwa dakika. Siku ya tisa: viputo 8. Mchana wa jua kali vilizidi, usiku wa mvua vilipungua. Mimea haikuistahimili hali hiyo ya shibe leo na njaa kesho, na mwani mweusi ukaanza kuota juu ya majani.

Ukurasa mmoja aliufunika kwa kiganja. Nilipomsihi, akausogeza mkono. Siku moja alizidisha hamira maradufu ili mimea ipone upesi. Usiku, pasipo mwanga, mimea haiitumii hewa ukaa, bali nayo huitoa. Na hamira haina koki ya kufungwa. Angeubana mpira, chupa ingeweza kupasuka. Alfajiri aliwakuta samaki wametweta juu ya maji, wawili wamekwisha kufa. Walikuwa samaki wa baba yake. Aliwazika chini ya mwarobaini asimwambie mtu.

Tuliyamwaga maji yale, kwani moyo wangu haukuridhia kileo kiwemo nyumbani hata kwa ajili ya mimea. Sasa tunatumia chupa mbili imara za soda: moja ina asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwa maji, ya pili ina bikaboneti ya soda, ile tunayotia kwenye keki, gramu 200 kila moja. Vifuniko vyake ni maalumu, vina koki na kipimo cha mgandamizo. Hewa ikipungua katika chupa ya pili, asidi kidogo husukumwa humo na kuzalisha nyingine. Koki huruhusu kiputo kimoja kila sekunde. Tunaifungua saa moja kabla ya kuwasha taa ya tangi, na kuifunga saa moja kabla ya kuizima. Ndani ya maji kuna kichupa chenye dawa ya rangi: ikiwa ya buluu, hewa ni chache, ya kijani, imetosha, ya njano, imezidi.

Nikilitazama daftari lile, nilijiona mwenyewe. Tangu msiba nilikuwa nikimpa mwanangu kwa mafuriko na ukame: Idi nguo na simu, kisha wiki tatu nisitoke kwenye tanuri. Sasa kila jioni, kabla hatujaifunga koki, tunahesabu viputo pamoja kwa dakika moja, hata siku ambazo unga umenichosha.

Mimea imetoa machipukizi. Na juzi, tukiwa tunahesabu, alianza mwenyewe kunisimulia habari za baba yake.