Buffalo: Nyumba za Bei Nafuu na Watu Waliokwenda Zao

Agosti 2023 mama yangu alikuja kutoka Tanga kututembelea. Siku ya pili, baada ya chai, alitoka kukaa barazani. Nyumba yetu ni ya mbao, ya ghorofa mbili: sisi tunakaa chini, na juu anakaa mzee mmoja kutoka Bukavu na familia yake. Mama aliutazama mtaa kwa muda mrefu. Kiwanja kitupu kilichoota majani, nyumba iliyozibwa madirisha kwa mbao, kisha kiwanja kingine kitupu. Akaniuliza, "Mwanangu, watu wa hapa wamekwenda wapi?"

Nilikuwa nimekaa Buffalo miaka miwili, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Kabla ya kuhama nilichouliza mimi ni kodi tu.

Picha iliyotutoa Lynn

Tulikuwa tunaishi Lynn, kaskazini ya Boston. Vyumba viwili vya kulala kwa dola 2,300 kwa mwezi, joto likiwa ndani ya kodi. Siku ya kuingia, mwaka 2019, tulilipa fedha za miezi minne kwa mpigo: mwezi wa kwanza, mwezi wa mwisho, dhamana, na ada ya dalali. Ile akiba tuliyokuja nayo ikaishia mlangoni.

Mke wangu alipopata mimba ya pili, rafiki yetu aliyekuwa Buffalo akatutumia picha. Vyumba vitatu, baraza, dola 1,100. Nilidhani amekosea tarakimu. Akatueleza pia kwamba katika Jimbo la New York, tangu 2019, sheria haimruhusu mwenye nyumba kudai dhamana inayozidi kodi ya mwezi mmoja. Nikapiga hesabu ya harakaharaka: tutaokoa dola 1,200 kila mwezi. Mke wangu akaniuliza, "Kwa nini ni rahisi hivyo?" Nikamjibu, "Si Boston, ndiyo maana." Julai 2021 tukapakia lori, tukashika barabara kuu ya magharibi, kilomita zaidi ya 700.

Mji uliojengewa wengi

Jibu nililompa mke wangu lilikuwa la kivivu. Mama alipouliza swali lake, ilibidi nijibu vizuri zaidi.

Mwaka 1825 ulifunguliwa Mfereji wa Erie, uliounganisha Mto Hudson na Ziwa Erie, na Buffalo ikawa mwisho wake upande wa ziwa. Ngano ya katikati ya Marekani ilishuka hapa kutoka melini ikapanda mashua za mfereji kuelekea New York. Mwaka 1842 likajengwa hapa ghala la nafaka lililotumia mashine ya mvuke kupandishia ngano, na hadi leo yale maghala marefu ya zege yaliyofuata yamesimama kando ya mto. Baadaye kikaja chuma. Wafanyakazi walihitaji pa kulala, zikajengwa nyumba kama hii yetu kwa maelfu, familia moja chini na nyingine juu.

Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu zaidi ya 580,000. Mwaka 1959 ikafunguliwa njia ya meli ya Mto Saint Lawrence. Meli kubwa zikaweza kutoka baharini hadi kwenye maziwa bila kushusha mzigo Buffalo. Wengine walihamia vitongoji vya nje ya mji, wengine wakafuata kazi majimbo ya kusini. Mwaka 1983 kiwanda kikubwa cha chuma cha Lackawanna, mji unaopakana na Buffalo, kikasimamisha sehemu kubwa ya kazi zake. Ilipofika sensa ya 2010 wakazi walikuwa 261,000 hivi, hawafiki nusu ya wale wa 1950.

Watu waliondoka, nyumba zikabaki. Mji wenye nyumba nyingi kuliko watu wanaozitaka, tena ujira wake si mkubwa, mwenye nyumba hawezi kupandisha bei atakavyo.

Mama alisikiliza, akasema, "Basi ni mambo ya mkonge." Nikacheka, lakini alikuwa amepatia. Sisi watu wa Tanga tunaijua hali hiyo. Katani ilipokosa soko na viwanda vikafungwa, vijana walikwenda Dar es Salaam, na majumba ya mjini yakabaki na wazee na popo.

Boston nayo ilipoteza watu baada ya 1950. Tofauti ni kwamba vyuo, hospitali na maabara za dawa zilirudisha kazi zenye mshahara mnono, na nyumba hazikujengwa kwa kasi ileile. Vitongoji vingi vinavyoizunguka vilikuwa na sheria zilizoruhusu nyumba moja tu ya familia moja kwa kiwanja. Kwa hiyo msaidizi wa wauguzi anagombea chumba kilekile na daktari.

Nyumba yenye njaa

Wiki ya kwanza tu, mzee wa juu alinionya. "Ndugu yangu, hii nyumba ni ya bei chini, lakini iko na njaa. Ngoja mwezi wa kwanza, itakula." Sikumwelewa mpaka ilipokuja bili ya gesi ya Januari: dola 310. Kuta hazikuwa na kitu cha kuzuia baridi, na madirisha yalikuwa ya enzi za mfereji, au nusura.

Tukaongeza na mengine. Lynn tulitumia gari moja na basi. Hapa mke wangu anatoka kazini usiku wa manane, ikabidi tununue gari la pili. Mkopo, bima na mafuta, dola 420 kwa mwezi. Mimi nilipata kazi ghalani kwa ujira uleule, lakini yeye alipungukiwa dola mbili kwa saa, yaani kama dola 320 kwa mwezi. Kati ya zile dola 1,200 nilizojivunia, Januari tulibaki na 150. Kiangazi, gesi ikishuka hadi 45, tunabaki na 415. Faida ipo, lakini si ile niliyoitangaza kwa ndugu zangu.

Na kuna gharama ambayo haikuja kwa bili. Katika Jimbo la New York kila mtoto hupimwa damu anapofika mwaka mmoja na tena miaka miwili, kuangalia madini ya risasi. Novemba 2022 binti yetu alitimiza mwaka. Daktari akapiga simu: kipimo ni 6, na jimbo huanza kufuatilia kutoka 5. Rangi ya nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 mara nyingi ina risasi. Yetu ilijengwa zamani kuliko hapo, na kila tulipofungua na kufunga dirisha, rangi ilisagika ikawa vumbi. Mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni.

Sheria inamtaka mwenye nyumba amjulishe mpangaji kuhusu rangi ya risasi anayoijua, kabla hajatia saini. Sisi tulipewa karatasi nyingi siku ile, tukasaini zote tukiwa tumesimama, furaha ya vyumba vitatu imetujaa. Mkaguzi wa afya alikuja, mwenye nyumba akaagizwa kurekebisha madirisha, naye akafanya baada ya kusumbuana. Mke wangu alipangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji kila siku kwa miezi. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Kipimo cha pili kilikuwa 3.

Mwezi mmoja baada ya simu ile, Krismasi, ikaja dhoruba ya theluji iliyoua makumi ya watu Buffalo na jirani zake. Kwa siku tatu hatukutoka. Mzee wa juu alishuka na wanawe wote, tukakaa chumba kimoja chenye joto, tukala ugali na maharage. Lynn sikuwahi kujua jina la jirani yangu.

Uliza kabla ya kupakia

Binamu yangu yuko Boston, anamaliza chuo, na mwezi uliopita alinipigia simu. "Kaka, nije huko? Nimeona bei." Nilimwambia aulize mambo manne kwanza. Nani analipa joto, na bili ya Januari iliyopita ilikuwa kiasi gani? Kazi yako inalipa kiasi gani mji huo, si mji unaotoka? Utahitaji gari? Nyumba ilijengwa lini, na madirisha yake yalibadilishwa lini? Kisha nikamwongezea la tano, la mama: waliokuwa humo wamekwenda wapi, na kwa nini?

Nikamwambia pia asikawie sana kufikiri. Sensa ya 2020 ilionyesha wakazi wa Buffalo wameongezeka, mara ya kwanza tangu 1950, na sehemu ya ongezeko hilo ni wageni kama sisi: Wakongo, Warundi, Wasomali, watu wa Burma. Kiwanja kimoja kilichokuwa kitupu mtaani kwetu sasa kina nyumba mpya. Na mwaka 2024 mwenye nyumba alituandikia barua: kodi imepanda kutoka dola 1,100 hadi 1,350.

Siku ile ya Agosti mama hakuuliza zaidi. Alichukua kiti cha pili akakisogeza karibu yake, akamwita mke wa mzee wa Bukavu aliyekuwa akipita, na wakakaa mpaka magharibi, kila mmoja kwa Kiswahili chake.