Majibu ya mjomba yalisomwa na jirani

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana. Leo sina habari za programu mpya. Nataka kuungama kosa langu mwenyewe, kwa sababu naamini wengi wetu tunaounda tovuti tunalifanya bila kujua.

Mwaka juzi nilipewa kazi na kliniki moja ya binafsi hapa Mombasa. Walitaka tovuti ambapo mgonjwa ataweka miadi ya kumwona daktari, na baada ya vipimo asome majibu yake hapo hapo badala ya kupanda matatu kuyafuata. Niliifanya kwa moyo wote. Nilisoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Nikaweka nywila, nikaweka na namba ya siri inayotumwa kwa SMS. Nikajisifu kwamba hakuna atakayeona majibu ya mgonjwa ila mgonjwa mwenyewe.

Kisha mjomba wangu akaenda kupimwa pale. Mjomba alipoteza macho kwa glakoma, lakini simu anaitumia kuliko mimi. Anatumia TalkBack, programu iliyomo ndani ya simu nyingi za Android, inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. Unapapasa skrini, inakutajia ulichogusa. Ukigonga mara mbili, kinafunguka.

Jioni moja akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Ile tovuti ya kliniki ni kazi yako?"

"Ni yangu, mjomba."

"Basi majibu yangu nimesomewa na kijana wa jirani."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Hadi leo sijui yalikuwa majibu ya nini, na sitamuuliza. Lakini yule kijana anajua.

Kesho yake nilikwenda kwake Kisauni, nikaketi kando yake na kusikiliza. Alifungua ukurasa wa kwanza. Simu ikasema: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Nilikuwa nimechora vitufe vizuri, kimoja kina picha ya kalenda, kingine cha bahasha, lakini sikuvipa majina ndani ya kodi. Akaingia kwenye kalenda ya miadi. Simu ikasoma: "Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne." Siku zenye nafasi nilizipaka kijani na zilizojaa nikazipaka nyekundu. Rangi haisomeki kwa sauti. Alipofika kwenye majibu, simu ikanyamaza kabisa. Kliniki ilikuwa inapiga picha karatasi ya maabara na kuipandisha, na mimi ndiye niliyewatengenezea mahali pa kupandisha picha. Na kabla hajamaliza kupapasa, tovuti ikamtoa nje. Niliipangia ifunge baada ya dakika mbili, eti kwa usalama.

Ulinzi wote ule niliouweka ulimlazimisha mjomba ampe mtu mwingine simu yake, nywila yake na siri yake. Mwizi hakuhitajika.

Nikarudi nyumbani, nikapakua NVDA kwenye tarakilishi yangu. Hii ni programu ya bure ya kusoma skrini kwenye Windows, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Nikazima kiwambo na kujaribu kuweka miadi kwa kibodi peke yake. Nilishindwa kwenye tovuti niliyoiandika mwenyewe! Isitoshe, ilisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, nusu yake sikuielewa. Sababu? Nilinakili kiolezo cha kigeni chenye lang="en" juu ya ukurasa. Kubadilisha kuwa lang="sw" kulinichukua sekunde tano.

Mengine yalichukua wiki mbili. Kila kitufe kilipata jina. Kila siku kwenye kalenda sasa inasema "ina nafasi" au "imejaa". Muda ukikaribia kwisha, tovuti inakuuliza kama unataka kuongezewa. Majibu yanaingizwa kama maandishi: jina la kipimo, kiwango chako, kiwango cha kawaida. Hapo ndipo nilipobishana na kliniki, maana kwao picha ni haraka zaidi. Niliwauliza wangependa nani awasomee majibu yao wao. Wakakubali.

Tena nilipokuwa humo nikagundua kosa jingine. Mwisho wa fomu tuliandika "tutakupigia simu kuthibitisha". Je, kiziwi? Sasa mtu anachagua simu au SMS, na anaweza kuomba mkalimani wa lugha ya ishara siku ya miadi.

Hakuna hata moja katika haya lililo uvumbuzi wangu. Mwongozo wa WCAG wa shirika la W3C umekuwepo tangu 1999, na toleo la 2.2 lilitoka 2023. Karibu yote niliyokosea yamo humo. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, nayo inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari, na kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa. Sikuwa nimekosa pa kusoma. Sikuwahi kumfikiria mjomba nilipokuwa naandika, basi.

Kwa hiyo, ndugu msanidi, nakuomba jambo moja. Kabla hujakabidhi tovuti ya hospitali, duka la dawa au bima, washa TalkBack kwenye simu yako. Iko kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. (Jifunze kwanza namna ya kuizima, utanishukuru!) Fumba macho, ujaribu kupata majibu yako mwenyewe. Ukihisi haja ya kumwita mtu akusaidie, kazi haijaisha.

Mjomba alipimwa tena mwezi uliopita. Nilimpigia kumuuliza kama majibu yameingia.

"Yameingia," akasema, "na nimeyasoma." Kisha akabadilisha mazungumzo. Nilifurahi sana kwamba hakuniambia zaidi.