Neno "Ili" Katika Insha ya Okidi

Miaka michache iliyopita, katika shule moja ya magharibi ya Uganda ninakofundisha Kiswahili, niliwapa wanachama wa chama chetu insha ya kueleza mmea wowote wa mazingira yao. Binti mmoja alichagua okidi iliyoota juu ya tawi la mti karibu na bweni. Alinijia kuuliza aelezeje sababu ya maumbo ya ajabu ya maua hayo, nami bila kusita nikamtungia sentensi: "Okidi ilibadili umbo lake ili imvute mdudu." Nilijipongeza kwa ufasaha wake.

Mwalimu mwenzangu wa elimu ya viumbe, aliyealikwa kusahihisha, alilizungushia neno "ili" wino mwekundu, akakata alama. Binti akakosa zawadi ya kwanza. Alikuja na daftari mkononi: "Mwalimu, kosa langu liko wapi?"

Nilimwendea mwenzangu kwa hasira kidogo, maana sisi walimu wa lugha hatupendi viunganishi vyetu viguswe na watu wa maabara. Hakubishana nami. Alinisimulia habari za okidi nyeupe ya Madagaska, ambayo Charles Darwin aliletewa mwaka 1862. Nyuma ya ua huning'inia mrija wa karibu sentimita 30, na nekta imo chini kabisa. Darwin akabashiri kwamba huko Madagaska yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Alifariki mwaka 1882 kabla nondo huyo hajajulikana. Mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan wakamwelezea, na mwaka 1992 ndipo aliposhuhudiwa akilinyonya ua hilo.

"Sasa niambie," akasema, "ua lilijuaje urefu wa ulimi wa nondo?"

Nikanyamaza. Akaeleza. Mrija ukiuzidi ulimi kidogo, nondo hulazimika kukisukuma kichwa chake ndani ya ua. Hapo vifurushi vya chavua humganda, akavichukua hadi ua jingine. Ua lenye mrija mfupi hunyonywa bila kuguswa, na aghalabu hukosa mbegu. Nondo wenye ndimi ndefu, kwa upande wao, hushiba kuliko wenzao. Hakuna ua lililokusudia kurefusha kitu. Palikuwa na maua mengi yaliyotofautiana kidogo kidogo, na tofauti hizo zilitangulia. Nondo akawa msahihishaji asiyejua kuwa anasahihisha.

Na tofauti zenyewe hutoka wapi? Hapa ndipo nilipojikuta nyumbani. Kila kiumbe hubeba jenomu, yaani jumla ya maandishi ya urithi wake, na maandishi hayo hunakiliwa kizazi hadi kizazi. Mwalimu yeyote aliyewahi kusoma imla ajua yatokeayo: herufi hugeuka, neno huruka, na mara nyingine mwanafunzi huandika mstari uleule mara mbili. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza jenomu ya Apostasia, okidi ya ukoo wa kale yenye ua la kawaida kabisa. Waligundua kwamba mhenga wa okidi zote aliwahi kuzidisha jenomu yake nzima mara mbili. Nakala moja ikiendelea na kazi ya zamani, ya pili huwa huru kubadilika. Katika kundi la jeni ziitwazo MADS, ambazo baadhi yake huongoza ujenzi wa ua, Apostasia ina 36 zinazofanya kazi. Okidi moja ya jamii ya Phalaenopsis, yenye ua la mdomo wa madoido, ina 51. Tena si kuongezeka tu. Zipo jeni ambazo Apostasia imebaki nazo na okidi nyingine zimezipoteza, na upotevu huo wahusishwa na chavua kushikamana kuwa vifurushi. Lililofutika limemfaa aliyefutiwa! Sijui ni mwandishi gani angethubutu kupanga hivyo.

Jioni moja niliketi na binti yule, nikamwomba radhi, tukaiandika sentensi upya: "Katika okidi nyingi zilizotofautiana, zile zilizowavuta wadudu zaidi ndizo zilizoacha mbegu nyingi." Ni ndefu, na haina ule mdundo wa kwanza. Alama haikurudishwa. Akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza kama pale palipokuwa na "ili" tungeweza kuweka "hata": okidi zikabadilika, kizazi baada ya kizazi, hata zikawavuta wadudu.

Nikamwambia aiandike.