HUYE: MJI WA CHUO NA REDIO YAKE

Msafiri atokaye Kigali kwenda kusini mwa Rwanda hupita Muhanga, Ruhango na Nyanza, na baada ya kilomita zipatazo 130 huingia Huye. Wabelgiji waliuita mji huu Astrida, kwa jina la malkia wao. Baada ya uhuru wa 1962 ukawa Butare, na tangu 2006 waitwa Huye. Sifa yake, hata hivyo, haikubadilika: ni mji wa wasomi. Chuo Kikuu cha Taifa kilianzishwa hapa mwaka 1963, katika kilima cha Ruhande.

Mji wa chuo hukaliwa na watu wa namna mbili, wenyeji na wapitaji. Mwenye nyumba adai kodi, mwanafunzi angojea posho. Chuo kifungapo, muuza chakula hubaki na sufuria lake limejaa. Mwaka 2013 vyuo vya serikali vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na baadhi ya masomo yakahamishwa kutoka Huye, wafanyabiashara waliona pengo hilo madukani mwao. Mambo ya namna hiyo yahitaji baraza la kuzungumzia.

Baraza hilo ni Redio Salus. Shule ya uandishi wa habari ya chuo hicho iliianzisha mwaka 2005, kwa msaada wa UNESCO, ili wanafunzi wajifunze kazi na wananchi wapate sauti. Salus ni neno la Kilatini lenye maana ya wokovu na ustawi, nalo lilikuwamo katika wito wa chuo.

Jina hilo si pambo tu. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, mkuu wa mkoa wa Butare, Jean-Baptiste Habyalimana, aliyazuia kwa muda, kisha akaondolewa madarakani. Tarehe 19 Aprili rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, alihutubia mjini humo, hotuba ikatangazwa redioni, na mauaji yakaenea. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilikuwa imekwisha kupanda chuki. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu hicho hicho. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Desemba 2003.

Msomaji azingatie jambo hili: RTLM haikuwa redio ya kuchosha. Watu waliipenda kwa muziki, utani na maongezi ya kibarazani. Kumbe basi elimu ya msemaji haitoshi, wala utamu wa mazungumzo hautoshi. Kinachotakiwa ni kwamba anayetajwa aulizwe naye, na ajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Mwenye nyumba akilaumiwa, asikike. Mwanafunzi akiitwa mhuni, asikike. Ndiyo kanuni ya kwanza afundishwayo mwandishi wa habari, na katika mji mdogo, ambamo msemaji na msemwa hukutana kesho yake sokoni, thamani yake huonekana upesi.

Nasi wasikilizaji tunayo kazi nyumbani. Watoto wakaapo karibu na redio, tuwazoeze kuuliza swali moja: je, yule anayesemwa amepewa nafasi ya kusema?